Ajal Si Ajali

Nilijua kusoma Kiindonesia kwa sauti kabla sijajua neno lake hata moja lina maana gani. Si jambo la kujivunia. Kiindonesia kinaandikwa kama Kiswahili: unachokiona ndicho unachokitamka. Herufi yao ya c ni ch yetu, ny yao ni ny yetu, na irabu zao karibu zote ni zile nilizofundishwa darasa la kwanza kule Tanga. Mtu aliyeishia kidato cha nne kama mimi anaweza kushika kitabu chao, akasoma ukurasa mzima, Mwindonesia aliyekaa mbele yake akaelewa kila kitu, na msomaji mwenyewe asiambulie chochote. Ndivyo nilivyofanya kwa karibu miaka miwili, jikoni kwa mama mmoja wa Kijava, katika jengo la ghorofa tatu Columbia Heights, karibu na Minneapolis. Mimi nilikaa juu, yeye chini.

Nilimwita Bu, kama wanavyowaita kwao wanawake wazima, kwa maana ya mama. Yeye aliniita Nak, mwanangu. Alikuwa amepita miaka sabini, na macho yake yalikuwa yanakufa kuanzia katikati kwenda pembeni. Aliona fremu ya mlango lakini hakuona uso wa aliyesimama mlangoni. Dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameandika hadithi fupi kumi na moja. Zilichapwa huko kwao kwenye karatasi mbaya, mwalimu akafa, kitabu nacho kikasahaulika. Bu alikuwa amejipa kazi moja kabla naye hajaondoka: kuzitia hadithi zile katika Kiingereza, ili watu wa mbali wazisome kama dada yake alivyoziandika, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa amefika hadithi ya nne macho yalipomwacha.

Mimi alinikuta msibani.

Mume wangu aligongwa na gari barabara ya Central Avenue asubuhi ya mwezi wa pili, akivuka kwenda kituo cha basi. Taa ya waenda kwa miguu ilikuwa imewaka kumruhusu. Aliyemgonga alikuwa anaongea na simu. Polisi waliandika kwenye ripoti kwamba ilikuwa ajali. Watanzania wenzangu wakaja, Mungu awalipe, na masufuria ya pilau. Wakaja pia Wakenya niliofanya nao kazi katika nyumba ya kulea wazee kule Crystal. Wakakaa kwenye zulia langu na kuniambia, mmoja baada ya mwingine, neno lile lile.

"Siku yake ilifika, dada."

"Hata angekaa ndani, siku ikifika imefika."

Nilitaka kuwauliza kama siku yake ndiyo iliyokuwa imeshika simu. Badala yake niliitikia na kuwamiminia chai. Lakini hasira ilianza pale, na kusema kweli haijaisha mpaka leo ninapoandika. Yule mtu alirudi kwake siku ile ile. Nilimwona mara moja tu baadaye, kwenye korido ya mahakama, akila biskuti.

Arobaini ilipopita na watu wakaacha kuja, Bu alipanda ngazi akishika reli, akagonga mlango wangu. Hakunipa pole. Aliuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "Unajua kusoma?"

"Kusoma nini, mama?"

"Chochote." Akanipa kitabu chembamba chenye jalada lililobanduka. "Soma hapo nilipokunja."

Nikasoma mistari mitano hivi. Akasikiliza kichwa kikiwa upande, kisha akaanza kucheka, akalazimika kukaa.

"Unasoma kama polisi anayesoma amri ya kuwafukuza watu kwenye nyumba," alisema. "Lakini unasoma! Mwanangu mwenyewe wa kumzaa hawezi. Njoo kesho ukitoka kazini."

Nikaenda. Sikuwa na sababu ya kukataa, na juu kwangu kulikuwa kimya sana.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Nilisoma sentensi moja na kunyamaza. Bu alikaa akigonga meza kwa vidole viwili, wakati mwingine dakika nzima, kisha akaitoa kwa Kiingereza, nami nikaandika kwenye daftari la karatasi za njano. Jumamosi nilipeleka daftari maktaba nikalichapa kwenye kompyuta kwa vidole vinne. Niliposita katikati ya sentensi aliniambia, "Terus," yaani endelea, na niliposoma vibaya aliniambia neno jingine ambalo sikuhitaji kufasiriwa.

Maneno yao yalinichezea. Siku moja nilisoma kwamba mwanamke fulani anakata kuku wake barazani, nikauliza ni sikukuu gani.

"Kuku gani?"

"Si imeandikwa hapa, kuku."

"Kuku ni kucha! Anakata kucha!" Alicheka mpaka akakohoa. "Na jana ulinyamaza kwa nini uliposoma kwamba dada yake inamuuma?"

"Nilimwonea huruma huyo dada."

"Dada ni kifua, Nak. Mwanamume ana kikohozi. Wewe ulidhani familia nzima ni wagonjwa."

Lakini yalikuwapo maneno yaliyokuwa yetu sote, yaliyotufikia kwa Waarabu na Wareno: dunia ni dunia, bendera ni bendera, meza wanaiita meja, habari ni kabar, wakati ni waktu. Bu alivipenda vitu hivi kupita kiasi. Likitokea neno la namna hiyo alinyoosha kidole kuelekea nilipo na kusema, "Punyamu." Maana yake ni yako, hili ni lako. Ikawa desturi yetu. Akisema punyamu, nilitafuta Kiingereza chake mwenyewe na kukiandika bila kumuuliza. Ilikuwa heshima, na mimi niliipokea kama heshima. Mtu kama mimi, ambaye kutwa nzima kazini alikuwa akiambiwa vua hiki, badilisha shuka hili, sasa alikuwa na maneno yake katika kitabu.

Kwa miaka mitatu Bu alikuwa amewaandikia wachapishaji. Wengi hawakujibu. Mmoja alijibu kwamba hadithi ni nzuri lakini wasomaji hawaijui Indonesia. Kisha mwishoni mwa mwaka 2004 likaja lile wimbi la bahari lililoua watu wengi sana huko Indonesia, na dunia nzima ikaangalia televisheni. Mwezi mmoja haukupita, simu ya Bu ikalia. Alikuwa mhariri wa kampuni ndogo ya vitabu ya Minneapolis, ambaye barua ya Bu ilikuwa imelala kwenye droo yake tangu hakumbuki lini.

Alikuja mwenyewe, mwanamume mrefu wa makamo, mpole, mwenye skafu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliongea na Bu kwa sauti kubwa, kana kwamba macho na masikio ni kitu kimoja, na mimi alinidhania ni yaya wa kumtunza.

"Ni hadithi zipi zinazohusu bahari?" aliuliza.

"Hakuna," Bu alisema.

"Hata moja?"

"Mji wetu uko mbali na bahari. Dada yangu alikuwa anaogopa hata kisima."

Mhariri alitabasamu na kusema tutaona. Jalada lilipokuja, lilikuwa na bahari. Nilimweleza Bu jinsi lilivyo: maji ya buluu, mtumbwi, mwanamke mwenye kofia pana ya majani ameupa mgongo mtumbwi. Aliuliza mwanamke yule ni nani. Nikasema sijui. Akasema, "Wala mimi. Labda ni mke wa mhariri." Tulicheka, lakini mimi jalada nililigeuza kifudifudi mezani. Hadithi kumi na moja za mwalimu zilihusu makarani, mabibi wa sokoni, mafundi cherehani, reli. Hakuna aliyezijali mpaka watu wa sehemu nyingine kabisa ya nchi ile walipokufa. Wafu wale ndio waliotufungulia mlango, na bado wakatundikwa kwenye jalada la hadithi zisizo zao.

Hadithi ya tisa ndiyo iliyokuwa na reli.

Ni fupi, kurasa saba. Mwanamume anagongwa na treni kwenye makutano ya barabara na reli, kwa sababu mlinzi wa lango la reli amesinzia na hakulishusha. Ndugu wa marehemu wanamtaka mjane aende kushitaki. Siku ya tatu mlinzi mwenyewe anakuja, anakaa chini uani kwa mjane tangu asubuhi, hasemi kitu, hapewi kitu. Mjane anaendelea na kazi zake akimzunguka kama anavyozunguka kinu. Alasiri anamletea chai. Anamwambia maneno mawili tu: "Sudah ajalnya." Mlinzi analia, anakunywa chai, anaondoka, na hadithi imekwisha.

Nilisoma maneno yale, nikayajua. Sudah nilishalizoea, ni kwamba jambo limekwisha kuwa. Na ajal nikaliona ni letu. Bu naye alilisikia, akanyoosha kidole, akasema, "Punyamu."

Nikaandika kwa Kiingereza: Ilikuwa ajali.

Nataka ieleweke kwamba siku ile sikudanganya. Nililiona neno lililoandikwa kwenye ripoti ya polisi, nikaliweka pale kwa mkono wa kweli. Tena nilifarijika. Nilisema moyoni, huyu mwanamke wa Kijava angalau hakusema siku yake ilifika.

Miezi mitatu hivi baadaye tulikuwa tunakunywa chai, kazi imekwisha, na Bu akaanza kueleza habari ya hadithi ile bila mimi kumuuliza. Alisema mjane yule ni mama yao. Baba yao ndiye aliyegongwa. Yeye Bu alikuwa na miaka sita, alikuwa amesimama nyuma ya mlango, aliyasikia maneno yale kwa masikio yake, na dada yake aliyasikia pia, na kwa miaka arobaini dada yake alitafuta namna ya kuyaandika.

"Neno lenyewe ni moja," alisema. "Ajal. Ni siku ya mtu, ile aliyoandikiwa. Mama alimwambia mlinzi: hukumuua wewe, ilikuwa saa yake. Alimfungua, Nak. Angeweza kumfunga maisha, akamfungua kwa neno moja. Kwenu mnalo, sivyo?"

"Kwetu ni gari kugonga gari," nilisema.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Hapo ndipo nilipoanza kusema uongo, na ninaujua uongo wenyewe kwa kipimo chake. Kwetu si hilo tu. Bibi yangu mzaa mama, mtu akifa, alikuwa akisema ajali yake imefika, kwa maana hiyo hiyo ya Bu. Nilikua nikilisikia. Lilikuwa langu kweli, kama alivyosema, na nililikana.

Akaniuliza, "Wewe uliandika nini pale?"

"Saa yake ilikuwa imefika," nilisema.

"Vizuri," alisema Bu. "Vizuri sana."

Ningeweza kupanda juu jioni ile, nikachukua kalamu na kusahihisha. Kitabu kilikuwa bado hakijachapwa. Baadaye zilikuja karatasi za kukaguliwa kwa mara ya mwisho kabla ya mashine, rundo zima, na Bu akaniambia nimsomee hadithi ya tisa mwanzo hadi mwisho. Nilimsomea. Nilipofika pale, karatasi ilisema ilikuwa ajali, na mdomo wangu ukasema saa yake ilikuwa imefika. Nikageuza ukurasa.

Sitaki kujitetea, nitasema tu ilivyokuwa. Sikutaka mjane yule amfungue yule mlinzi. Ajali ni kitu ambacho kingeweza kisitokee. Mlinzi angeweza kuwa macho. Mtu angeweza kuiweka simu mfukoni. Ukisema saa ilikuwa imefika umewaondoa wote, hakuna aliyesinzia, hakuna aliyeshika simu, na mwanamume wako angekufa tu hata kama kila mtu angefanya kazi yake. Nilikuwa nimeyameza maneno hayo kwenye zulia langu kwa siku arobaini pamoja na chai yangu mwenyewe. Sasa nilikuwa nimeshika kalamu, na hakuna aliyekuwa ananiona. Nikamnyamazisha mama wa watu.

Kitabu kilitoka. Kampuni ikaandaa jioni ya kukitambulisha katika duka la vitabu Saint Paul. Rafiki yangu Mkenya wa kule kazini ndiye aliyetupeleka.

"Mimi nita-drive," aliniambia, "wewe shika mzee, kuna barafu. Na usikae nyuma kama mgeni. Si ni kitabu yako pia?"

"Si changu."

"Wacha hizo. Umekaa miaka mbili ukiandika kama clerk wa DC. Jina lako iko ndani?"

Halikuwapo. Sikuwa nimeliomba, na wakati ule nilishukuru kwamba halikuwapo.

Watu walikuwa kama thelathini, wamekaa kwenye viti vya kukunja. Bu alivaa kebaya, blauzi yao ya sherehe, ya rangi ya kijani, na aliketi wima. Kwa kuwa hakuweza kusoma, mhariri ndiye aliyesoma, na alichagua hadithi ya tisa. Alisoma vizuri, siwezi kumnyima hilo. Nilimsikiliza akikaribia pale kama unavyosikiliza mtu akishuka ngazi. Mjane akatoa chai. Mjane akasema, "Ilikuwa ajali." Mhariri akanyamaza kidogo ili watu waonje. Mtu mmoja mbele akatoa pumzi kwa kuridhika.

Bu hakusogea. Vidole vyake viwili tu vilianza kugonga goti.

Alipomaliza, mhariri alifunga kitabu akasema kwamba mstari ule ndio uliomfanya akitake kitabu kizima. Alisema ni mkavu, ni wa kisasa, kwamba mtu angetegemea mjane wa kijijini azungumzie majaliwa na Mungu, na badala yake anazungumza kama ofisa wa bima. Watu wakacheka taratibu. Ndivyo alivyosema, kama ofisa wa bima, akimsifu.

"Hiyo siyo sentensi ya dada yangu," Bu alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Mhariri aliinama, akamshika bega, akawaambia watu kwamba wafasiri wote ni hivyo, hawaridhiki kamwe. Watu wakacheka tena, kwa upendo. Mwanamke mmoja akainua mkono, akamuuliza Bu kama alipoteza ndugu katika lile wimbi.

"Hapana," Bu alisema.

"Hata jamaa wa mbali?"

"Hapana. Samahani."

Aliomba samahani! Alimwomba samahani mwanamke yule kwa kutofiwa. Hapo ndipo niliposimama. Sijawahi kusema mbele ya watu, hata shuleni nilijificha. Nilisema kwa Kiingereza kibovu kwamba kosa ni langu. Kwamba mimi ndiye niliyeandika. Kwamba mjane hakusema ilikuwa ajali, alisema saa yake ilikuwa imefika, na hakuwa ofisa wa bima, alikuwa mama wa huyu mama. Watu walinigeukia, nikaona kwenye nyuso zao kwamba wananihurumia na hawajui mimi ni nani. Mhariri alinishukuru. Akasema hii inaonyesha jinsi lugha zinavyosafiri. Akauliza kama kuna swali jingine.

Nilimfuata kwenye meza ya vitabu. Nilimwambia kisahihishwe.

"Kimeshachapwa," alisema kwa upole. "Na, kwa uaminifu? Hivi ni bora zaidi. Umefanya jambo zuri bila kukusudia."

"Nilikusudia," nilisema.

Hakuelewa. Alidhani nimekosea Kiingereza.

Tulipanda gari, tukavuka mto. Rafiki yangu alizima redio. Bu alikuwa kiti cha mbele, uso kwenye kioo asichokiona.

"Niliposema soma, ulisoma nini?" aliuliza.

"Nilisoma lililokuwa kichwani mwangu, Bu. Si lililokuwa kwenye karatasi."

"Ulijua?"

"Mara ya kwanza, nilipoandika, sikujua. Mara ya pili, uliponiuliza, nilijua."

"Na mara ya tatu?"

"Nilijua pia."

Alisema kitu kirefu kwa Kijava, ambacho sikukielewa na sikuomba kifasiriwe. Kisha akasema kwa Kiingereza, "Miaka arobaini dada yangu aliitafuta sentensi ile. Wewe uliiua kwa sababu una hasira na mtu wa simu."

"Ndiyo," nilisema.

"Mama yangu hakuwa na hasira? Unadhani alikuwa jiwe?"

Rafiki yangu alikaza macho barabarani na kuendesha polepole kuliko magari yote.

Siku ya nne mhariri alipiga simu nikiwa jikoni kwa Bu. Nilikuwa nimekwenda kama kawaida, sikujua kama nitafunguliwa mlango, na nilifunguliwa. Bu alibonyeza kitufe cha sauti ya nje ili tusikie wote. Mhariri alikuwa na furaha. Watu wa London walikuwa wanakusanya hadithi za Asia katika kitabu kikubwa, kitakachouzwa nchi nyingi, na walikuwa wameichagua hadithi ya tisa. Aliwasomea kwa simu, akasema, na mstari ule wa mjane uliwamaliza.

Nilimwona Bu akivuta pumzi. Nchi nyingi, ndicho kitu alichokuwa amekitafuta tangu kabla sijamjua, dada yake asomwe na watu wa mbali.

"Waambie sentensi imesahihishwa," alisema.

"Ninaogopa hiyo ndiyo sababu hasa wameichagua."

"Waambie."

"Na wakikataa?"

"Basi hawaitaki hadithi ya dada yangu. Wanaitaka hadithi ya jirani yangu."

Mhariri alicheka, kisha akaona kwamba si mzaha. Akaahidi kuuliza. Aliuliza kweli, na baada ya wiki mbili akajibu kwamba wamechukua hadithi ya mtu mwingine. Bu alishukuru, akaweka simu mahali pake, akapapasa mpaka akaona imekaa sawa.

Nilimwambia nimeikosesha hadithi dunia nzima. Nilitaka anitukane, nadhani.

"Leta lile boksi," alisema.

Kampuni ilikuwa imempa nakala ishirini na tano. Zilikuwa chini ya kabati la vyombo, bado zinanukia wino. Aliniambia nizitoe zote mezani, nifungue kila moja ukurasa ule, nikate mstari na kuandika juu yake, kwa mkono, maneno ya mama yake. Nakala zile angezituma mwenyewe kwa vyuo, kwa magazeti, kwa maktaba, kwa kila mtu ambaye yeye aliwahi kumwandikia tangu zamani. Zilizoko madukani hatukuwa na la kuzifanya.

Nilichukua kalamu. Nikakata ilikuwa ajali. Nikaandika saa yake ilikuwa imefika. Kwenye nakala ya tatu nikaacha.

"Siamini, Bu," nilisema. "Nikiandika hivi naona kama ninamwandikia yule mtu wa simu. Siwezi kuamini kwamba ilikuwa saa ya mume wangu."

"Nani amekuambia uamini? Huyu si mume wako. Huyu ni baba yangu, na aliyesema ni mama yangu. Andika alichosema."

Niliandika. Ilikuwa mchana, jua la theluji limejaa jikoni, na nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba kalamu ilitoboa karatasi ya nakala moja. Nilimkasirikia mhariri, na jalada lake, na mwanamke aliyetaka jamaa wa mbali awe amekufa majini. Nilimkasirikia mjane kwa chai aliyoitoa. Zaidi ya wote nilijikasirikia mimi, kwa sababu sasa nililiona jambo wazi: kama ningeliandika neno lile kama lilivyo, watu wa London wangesoma kitu ambacho hawakukitegemea, wakakichukua au wakakiacha, na uamuzi ungekuwa juu ya kazi ya mwalimu. Sasa walikuwa wamependa kitu changu na kukataa kitu chake, na yeye hakuwahi kusomwa hata na mmoja wao.

Nilipofika nakala ya mwisho nikaweka kalamu chini, nikasema, "Nimemaliza. Nikusomee?"

Bu alitikisa kichwa. Alinyoosha mkono kwenye simu, akapapasa vitufe, akampigia rafiki yangu Mkenya, ambaye siku ile alikuwa mapumzikoni. Akamwomba aje mara moja, kama hana kazi. Hakunieleza kwa nini, na hakuhitaji kunieleza: ukurasa ule nilishamsomea uongo mara moja.

Rafiki yangu alikuja na kofia ya sufu kichwani, akapigwa na butwaa kuona meza imejaa vitabu. Bu akamkalisha kwenye kiti changu, kile ninachosomea. Akamwambia afungue kila nakala, ukurasa wenye mstari uliokatwa, amsomee kilichoandikwa kwa mkono.

Rafiki yangu aliniangalia. "Aki, kwani wewe uko hapa, si umsomee?"

"Soma tu," nilimwambia.

Akasoma. Nilisimama karibu na sinki, mgongo kwenye kabati, nikisikia maneno ya yule mama kwa Kiingereza cha mtu wa Nakuru, mara moja, mara mbili, mara ya kumi. Bu alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akinisikiliza mimi, na baada ya kila nakala alipokea kitabu, akakiweka upande wake wa kushoto, na kusema, "Terus."